Aliyesema "Sina Pingamizi" Hajaunga Mkono

Kikundi kimoja cha wakulima wa mpunga, hapa Majimoto, kilitaka msaada wa kununua mashine ya kukoboa. Wakaandika barua nzuri, wakaipeleka ofisini, na bwana mmoja wa huko akaandika chini yake mstari mmoja wa Kiingereza, akapiga muhuri. Walipotoka nje wakampa kijana aliyesoma sekondari awasomee. Akasoma: "I have no objection." Wakamwuliza maana yake. Akasema, "Amekubali."

Basi, furaha ikawa kubwa. Watu wakachanga fedha. Wengine wakauza mpunga mapema, bei ikiwa bado chini, ili wasikose fungu lao. Wakajenga na banda la kuwekea mashine. Baada ya miezi mitatu jibu likaja: ombi halikupita, kwa kuwa hakuna mwenye madaraka ye yote aliyeliunga mkono.

Wanakikundi walikasirika mno, wakasema yule bwana ni mnafiki. Mimi naona hakusema uongo. Aliandika kwamba hana pingamizi, yaani yeye hawazuii. Hakuandika kwamba anawaombea. Kati ya maneno hayo mawili pana nafasi kubwa kama Bonde la Rukwa lenyewe, na mtu asiyejua hutumbukia humo na fedha zake mkononi. Banda lile lilikaa tupu masika yote, mbuzi wakilala humo.

Nimeona yafaa, ndugu wasomaji, tuyatazame maneno haya ya Kiingereza cha ofisini na cha mabarazani, yale ya kuunga mkono shauri la mtu. Wengi wetu hatuandiki Kiingereza, lakini Kiingereza hutuandika sisi, katika barua za watoto wetu na za mali yetu.

Tuanze na jambo tunalolijua. Kila mwenye redio amesikia mambo ya Bunge la Dodoma. Waziri akimaliza hotuba yake husema, "Naomba kutoa hoja," na mara wenzake husimama na kusema, "Naafiki." Kisha wabunge huchangia, na wengi humaliza kwa "Naunga mkono hoja," wengine wakiongeza "asilimia mia moja," kana kwamba mkono waweza kuungwa nusu. Watu wa Mpimbwe walizoea kumsikia mwana wao, Bwana Mizengo Pinda wa Kibaoni, akitoa hoja za serikali alipokuwa Waziri Mkuu, tangu 2008 hata 2015.

Desturi hii tuliipata kwa Waingereza. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926, na mambo yake yalisemwa kwa Kiingereza. Aliyeleta hoja alisema "I beg to move", na mwenzake akafuata: "I second". Neno hilo la pili lina asili yake katika Kilatini, na maana yake ni mwenye kufuata nyuma. Wazee waliosikia Misa ya Kilatini watalikumbuka neno "secundum", lililotajwa kabla ya jina la Mwinjili: ni kwa kumfuata Mathayo, au Luka. Ndugu yake ndilo hili.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hawalijui. Mwamerika mmoja, Henry Martyn Robert, aliyekuwa mhandisi wa jeshi, alitoa mwaka 1876 kitabu cha kanuni za mikutano, na kanuni hizo hufuatwa na vyama vingi hata leo. Kwa kanuni hizo, mtu anayesema "I second" hasemi kwamba hoja ni njema. Anasema tu kwamba hoja yafaa izungumzwe. Aweza kuiunga leo ipate kujadiliwa, na saa ya kura akaipinga, wala asiwe amemsaliti mtu. Sisi kwetu aliyeunga mkono ametoa mkono wake, na akiurudisha twamwita kigeugeu. Maneno yaonekana sawa, lakini deni lake ni mbalimbali.

Anayetaka kweli jambo lipite hutumia neno jingine: "I support". Hili nalo ni la Kilatini, nalo ni kubeba kwa chini, kama nguzo inavyobeba boriti. Liko tena "endorse", ambalo asili yake ni mgongo. Zamani mtu aliyekubali hati aliigeuza na kutia jina lake mgongoni mwake, kama ifanywavyo kwa hundi ya benki mpaka sasa, na kwa kutia jina alijifunga. Kwa hiyo mtu akiandika kwa Kiingereza kwamba ana-"endorse" maoni yako, ametia jina lake mgongoni mwa maneno yako. Si jambo dogo. Na katika barua za maombi, neno la kutafutwa ni "recommend": nawasifu watu hawa, nashauri wapewe. Likitanguliwa na "strongly" lina nguvu zaidi.

Chini kabisa ya hayo yote ndipo lilipo "no objection". Karibu yake liko "forwarded", yaani imepitishwa kwenda mbele. Mwandishi amekuwa tarishi tu. Tena wako Waingereza waungwana wanaoanza kwa "with respect". Ukisikia hilo, jiweke tayari: mara nyingi nyuma yake lafuata kataa.

Lakini kuna kuunga mkono kwa namna nyingine, nako ndiko kunakowatesa watoto wetu. Jioni moja nilikaa kwenye baraza la mzee mmoja, na mjukuu wake wa kidato cha pili alikuwa akifanya kazi ya shule. Mtoto huyu alisoma miaka yote ya shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kwa siku moja karibu masomo yote yakageuka Kiingereza, kama ilivyo kwa wengi. Swali lilimtaka aseme kama kilimo chafaa kuliko biashara, tena "support your answer". Aliandika mistari sita, na mmoja baada ya mwingine ulisema kwamba anaunga mkono kilimo, anakiunga sana, anakiunga kabisa.

"Babu, mwalimu amenipa alama mbili katika kumi, na mimi nimeunga mkono mara sita!"

Mzee akacheka, akamwuliza, "Mjukuu wangu, kilimo kimekupa nini wewe?"

"Ada, babu. Na madaftari."

"Magunia mangapi yaliuzwa ukapata ada?"

Mtoto akahesabu kwa vidole.

"Basi mwandikie mwalimu hayo magunia."

Yule mzee hajui Kiingereza, lakini alilijua swali kuliko mjukuu wake. "Support" ya mtihani haiulizi uko upande wa nani. Yauliza jibu lako limesimama juu ya nini. Kwa nguzo hizo Kiingereza kina maneno mengi. "Evidence" ni ushahidi. "Substantiate" ni kulitia neno mwili, lisiwe upepo. "Corroborate", ambalo husikiwa sana mahakamani, latoka katika Kilatini cha nguvu, na cha mti wa mwaloni uliosifiwa kwa ugumu wake: ni ushahidi wa pili unaoutia wa kwanza nguvu. Tangu sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu, lakini hukumu nyingi za nyuma ziko kwa Kiingereza, na mwanasheria hawezi kuyaepuka maneno hayo.

Mtu wa kwetu aliyejua kuunganisha namna zote mbili alikuwa Julius Nyerere. Mwaka 1954 wajumbe wa Umoja wa Mataifa walizuru Tanganyika, wakatoa taarifa kwamba nchi hii yaweza kujitawala katika muda wa miaka 20 hata 25. Serikali ya Uingereza haikupenda kutajiwa miaka. Tanu, iliyokuwa haijatimiza mwaka tangu kuzaliwa Julai 7, 1954, ikaona taarifa ile yataka kuungwa mkono mbele ya Baraza la Udhamini lenyewe, kule New York. Akatumwa Nyerere, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu wa shule ya Wakatoliki ya Pugu.

Alisimama mbele ya Baraza Machi 7, 1955. Angaliweza kusema kwamba chama chake chaunga mkono taarifa asilimia mia moja, akaketi. Hakufanya hivyo. Aliwaeleza chama ni nini na chataka nini, akaomba itamkwe wazi kwamba Tanganyika, ingawa ina watu wa rangi mbalimbali, serikali yake itakuwa hasa ya Waafrika. Alisema kwa upole, kwa Kiingereza alichokisoma mpaka Edinburgh, na hata waliompinga walilazimika kumjibu sababu zake. Miaka 25 haikungojewa, wala 20. Uhuru ulikuja Desemba 9, 1961, miaka sita na miezi tisa baada ya siku ile.

Narudi kwa wakulima wangu wa mpunga. Mavuno yalipokwisha walikwenda tena ofisini kwa bwana yule yule, safari hii bila hasira. Mama mweka hazina alimwamkia kwa adabu, kisha akamwambia, "Bwana mkubwa, tunaomba utuambie kwanza. Utaandika kwamba hutuzuii, ama utaandika kwamba unatuombea?"

Yule bwana akaweka kalamu chini, akamtazama. Kisha akauliza kikundi kina watu wangapi, msimu ule walivuna magunia mangapi, na kwa sasa hubeba mpunga umbali gani kwenda kukoboa. Mama akafungua daftari lake, akaanza kusoma.