Je, Wajua? Mizigo ya Masisi na Walikale

Kutoka Sake, huko Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, kupanda vilima vya Masisi, kisha kuteremka hadi misitu ya Walikale, kila kitu kiko safarini: viazi, makala, maziwa, jibini, mawe ya madini. Wenye mali hubishana kuhusu kilo, kwa sababu kilo ndizo zinazolipiwa. Shofere aliyezoea njia hii huuliza jambo jingine kwanza: mzigo utakaa wapi? Haya hapa ni mambo kumi na mawili yanayoonyesha kwa nini swali hilo ni zito kuliko mizani.

1. Je, wajua kilo 300 zinaweza kugeuka kilo 400?

Chukua pikapu ambayo ekseli zake mbili zimeachana mita 3. Weka magunia ya viazi ya kilo 300 nyuma kabisa, mita 1 kupita ekseli ya nyuma. Ekseli hiyo sasa imeongezewa kilo 400. Zile 100 zimetoka mbele: mkia umekandamizwa, pua imenyanyuka, kama watoto wawili kwenye pembea ya ubao. Matairi ya mbele, ambayo ndiyo yanayokata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki, yamepoteza kilo 100 za kung'ang'ania barabara. Sogeza magunia yaleyale hadi nusu mita mbele ya ekseli ya nyuma: nyuma itapata 250, mbele 50. Hakuna kiazi hata kimoja kilichopunguzwa.

2. Je, wajua kuna watu wanaopakia nyumba kwenye pikapu?

Huko Marekani na Kanada wapo wasafiri wenye vijumba vya kukaa juu ya bodi ya pikapu, vikiwa na kitanda, jiko na tangi la maji. Kabla ya safari kijumba husimama juu ya jeki nne, na gari hurudishwa nyuma taratibu hadi liingie chini yake. Kati ya kijumba na matuta ya matairi yaliyomo ndani ya bodi hubaki sentimita chache tu kila upande. Bodi ya mita 2.4 ikiingia imepinda kwa digrii 1 tu, upande mmoja wa kijumba unakuwa nje ya mstari kwa sentimita 4.

Kwa hiyo wazoefu hubandika utepe katikati ya kioo cha nyuma cha gari na mwingine katikati ya ukuta wa kijumba, wakawa wanarudi nyuma huku wakiulinganisha mmoja na mwenzake. Wakiona zimepishana, hawahangaiki na usukani wakiwa tayari wameshaingia. Hutoka, wakanyoosha gari, wakaanza upya. Sheria ya Marekani inamtaka mtengenezaji wa kijumba aeleze uzito wake na mahali kitovu chake cha uzito kilipo, ili mnunuzi ahakikishe kinaangukia mahali gari linapokihimili. Kwa kawaida ni mbele kidogo ya ekseli ya nyuma.

3. Je, wajua gati la kupakilia Masisi ni mlima wenyewe?

Vijijini hakuna kreni. Lori hurudishwa hadi kwenye ukingo wa udongo, sakafu ya bodi ikawa sawa na ardhi, na wapakiaji wakaingia nalo gunia mgongoni bila kupanda ngazi. Utingo husimama upande wa shofere, pale anapoonekana kwenye kioo: "Aryeri, aryeri… kata kushoto, papa… aryeri kidogo… simama!" Gari likitulia tu, kabari ya mti inasukumwa chini ya tairi. Magunia ya kwanza hupelekwa mbele, karibu na kabini. Springi zikianza kulala, sakafu hushuka chini ya ukingo, na anayeingia na mzigo hulazimika kupima hatua upya.

4. Je, wajua gunia dogo ndilo la kuogopwa?

Kasiterite, jiwe linalotoa bati, ina uzito wa takriban mara 7 ya maji. Kilo 50 za jiwe lake zingeenea katika ujazo wa lita 7 hivi, na hata likiwa limepondwa na kuacha nafasi kati ya chembe, halijazi ndoo ya lita 20. Koltani ya Rubaya, katika Masisi, nayo ni mara 5 hadi 8 ya maji. Rubaya si mahali padogo kwa dunia: Umoja wa Mataifa umekadiria kuwa karibu asilimia 15 ya tantali yote inatoka huko, na mwaka 2024 mji huo ulitekwa na waasi wa M23.

Hatari ya madini haya barabarani ni kwamba bodi huonekana tupu ilhali springi zimekwisha. Makala yana tabia ya kinyume: gunia lake ni jepesi kwa umbo lake, basi hupangwa juu kwa juu mpaka lori likashinda paa za nyumba. Uzito ukiwa juu, shimo moja upande wa tairi za kushoto linatosha kulilaza gari. Ukiwa na mizigo yote miwili, mawe hulala sakafuni na makala hukaa juu yake.

5. Je, wajua mlima huhamisha mzigo ambao haujasogea?

Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na malisho ya Masisi yamepita mita 2,000. Tuseme gari na shehena yake ni tani 3, ekseli zimeachana mita 3, na kitovu cha uzito kiko mita 1 kutoka ardhini. Kwenye mwinuko wa mita 15 kwa kila mita 100, takriban kilo 150 huhama kutoka tairi za mbele kwenda za nyuma, ingawa kamba zote zimekazwa. Jumlisha na kosa la namba 1, na utaelewa kwa nini gari lililokwenda vizuri pale Sake linakataa kukata kona mlimani.

6. Je, wajua chukudu lina sanamu yake?

Baiskeli hiyo ya mbao isiyo na pedeli ilianza kuonekana Kivu ya Kaskazini miaka ya 1970. Magurudumu yake ya mti huvishwa mpira wa tairi kuukuu, na breki ni kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Mwaka 2009 Rais Joseph Kabila alizindua sanamu yake mjini Goma.

Makubwa hubeba mamia ya kilo, na upakiaji wake ni somo tosha. Magunia hulazwa juu ya ubao kwa kufuata mstari wa magurudumu mawili, chini kadiri inavyowezekana, na mwenye chukudu huacha nafasi ya goti lake. Gunia likizidi upande mmoja kwa upana wa kiganja, mikono yake italipa deni hilo njia nzima.

7. Je, wajua bidoni lililojaa ni tulivu kuliko lililojaa nusu?

Masisi ni nchi ya ng'ombe, na maziwa yake huteremka Goma kwa miguu na kwa pikipiki. Bidoni la lita 20 likijaa hadi mdomoni lina kilo 20 na ushee ambazo hazichezi. Likiwa nusu, maziwa hukimbilia mbele breki inapokamatwa na kurudi nyuma gari linapoondoka, na kwenye njia mbovu huyumba huku na huku ndani ya bidoni. Ndiyo sababu matangi ya malori ya mafuta hujengwa na kuta za ndani zenye matundu. Motari hana kuta hizo. Anachoweza ni kujaza mabidoni hadi juu, na akiuza la kushoto, anayeuziwa baadaye apewe la kulia.

8. Je, wajua barabara ya Walikale iliwahi kuwa uwanja wa ndege?

Kasiterite ya Bisie, huko Walikale, iligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wapagazi waliibeba mgongoni, mara nyingi kilo 50 kwa mtu, wakikata msitu hadi kwenye barabara kuu. Huko Kilambo, karibu na soko la Mubi, kulikuwa na kipande cha lami kilichonyooka. Barabara ilifungwa, watu wakasogezwa pembeni, na ndege ndogo za injini mbili zikatua, zikapakia mawe na kurudi Goma.

Ndege aina ya L-410 ina takriban mita 20 kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyingine, ilhali barabara ya kawaida ya njia mbili haifiki mita 10 kwa upana. Ile digrii 1 ya mwenye kijumba hapa si sentimita 4 tena: katika mita 500 za kukimbia ni karibu mita 9, yaani porini.

9. Je, wajua shehena inayotembea huweza kuangusha ndege?

Tarehe 25 Agosti 2010 ndege ya L-410 ilianguka ikikaribia kutua Bandundu, magharibi mwa Kongo. Watu 20 walikufa, mmoja akanusurika. Maelezo yaliyonukuliwa kutoka kwa manusura huyo yalisema mamba aliyefichwa ndani ya begi alitoroka, abiria wakakimbilia mbele, na ndege ikapoteza mizani. Ndege ya ukubwa huo hujali kila hatua ya abiria, na ndiyo maana kwenye ndege ndogo watu hupangiwa viti kwa kuzingatia uzito wao.

10. Je, wajua daraja nalo hupakiwa mahali pake?

Daraja la Bailey lilibuniwa na Mwingereza Donald Bailey na kutumika katika Vita vya Pili vya Dunia. Kila fremu yake ina urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 260 hivi, kiasi ambacho wanaume sita wanaweza kuinua. Daraja huungwa ufukweni, likasukumwa juu ya roli hadi ng'ambo, likiwa na pua nyepesi mbele ili lisiinamie mtoni kabla ya kufika. Madaraja ya jamii hii yamewekwa sehemu nyingi za Kongo. Njia yake ya asili ni mita 3.3 kwa upana. Lori la mita 2.5 linabakiwa na sentimita 40 kila upande, kwa hiyo shofere hunyoosha gari kabla ya kugusa ubao wa kwanza. Akishaingia, hana tena nafasi ya kurekebisha.

11. Je, wajua mashua ilipita misitu hii kwenye mabega?

Katika karne ya 19 mpagazi wa misafara ya Zanzibar alibeba kwa kawaida frasila mbili, karibu kilo 32. Msafiri Henry Morton Stanley alipoondoka pwani mwaka 1874, alikuwa na mashua ya mita 12, Lady Alice, iliyokatwa vipande. Vipande vilionekana kuwa vizito mno, ikabidi vipunguzwe Zanzibar kabla ya safari. Mwishoni mwa mwaka 1876 vilipita katika msitu wa Warega, kusini-magharibi ya Walikale ya leo. Waliovibeba ndio waliochelewa kuliko wote, kwa sababu kila mti ulioanguka na kila kona ya njia ilidai kipande kigeuzwe upya.

Nao akina mama? Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha vipimo vilivyofanywa Kenya: wanawake wa Kiluo wanaobeba kichwani, na wa Kikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda wa kwenye paji, waliweza kuchukua hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kuongeza nguvu inayotumika kutembea. Mkanda huohuo wa kwenye paji ndio unaobeba kuni na mihogo kote Kivu.

12. Je, wajua gari lililopakiwa vibaya husema lenyewe?

Usukani huwa mwepesi ghafla. Taa za mbele humulika matawi badala ya mashimo. Mipira ya kuzuia tope nyuma hufagia ardhi. Bila mizani yoyote, simama kwenye ardhi tambarare na upime kwa shubiri nafasi iliyo kati ya tairi na bodi, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Pande mbili za ekseli moja zikitofautiana, shehena imelalia upande. Nyuma ikiwa imezama na mbele imepanda, sogeza vizito vielekee kabini. Kazi hiyo ifanyike pale sokoni, wapakiaji wakiwa bado hawajalipwa wakaondoka.