Chupa tupu yamsaidia mwenye pumu

Tukiwa shuleni ukimbizini Kigoma, jirani yangu wa dawati alikuwa na pumu. Alipuliza dawa mdomoni, akabaki anahema vilevile. Tukasema dawa ni feki. Leo nafundisha Muyinga, na vumbi la njia ya Kobero limenirudishia kisa hicho darasani.

Wahandisi huipima njia ya hewa kama bomba. Kipenyo kikipungua kwa nusu, hewa inayopita taratibu hupata upinzani mara 16. Dawa nayo hutoka kwenye kopo kwa kasi, matone makubwa yakagonga koo na kuishia hapo. Yanayofika mapafuni ni ya mikroni 1 hadi 5 hivi.

Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni na kuzibwa barabara kuzunguka kopo, iliwafaa watoto sawa na chombo cha kununua. Isiyozibwa ilipungua nguvu.

Ioshwe kwa sabuni, ikauke yenyewe. Ukiifuta, plastiki huvuta dawa ukutani. Mtoto hushika shingo ya chupa mdomoni, unapuliza mara moja, anavuta taratibu.