Kuupima Muungano wa Matawi

Programu kubwa ya kompyuta huandikwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na kila mmoja wao hufanya kazi kwenye nakala yake ya faili zilezile ili asimwingilie mwenziwe. Mkondo wa mabadiliko unaotokana na nakala hiyo huitwa tawi, na chombo kinachotunza kumbukumbu za matawi yote, yaani nani alibadilisha nini na lini, huitwa mfumo wa kudhibiti matoleo. Mfumo uliotapakaa zaidi leo ni Git, uliobuniwa na Linus Torvalds mwezi Aprili 2005, baada ya waandishi wa mfumo endeshi wa Linux kunyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper, mfumo waliokuwa wakiutegemea. Kuanzisha tawi ni jambo jepesi. Kazi ipo katika kuyarudisha matawi pamoja.

Katika kuunganisha, Git hulinganisha matoleo matatu: ncha ya kila tawi, na toleo la asili, yaani lile la mwisho ambalo matawi yote mawili yalilishiriki kabla ya kuachana. Mstari uliobadilishwa upande mmoja tu hukubaliwa ulivyobadilishwa. Uliobadilishwa pande zote mbili kwa namna tofauti huzusha mgongano, na hapo mfumo huweka maneno ya pande zote ndani ya faili, yakiwa yametenganishwa kwa alama saba za usawa, ili binadamu aamue.

Wengi hudhani kwamba ubora wa muungano hupimwa kwa uchache wa migongano. Kipimo hicho peke yake hudanganya, kwani mfumo ambao daima huchagua upande mmoja hautakuwa na mgongano hata mmoja, ilhali utakuwa umetupa kazi ya mtu. Kwa sababu hiyo wajaribuji hutunga historia ndogondogo ambazo jibu lake linajulikana mapema, kisha hutazama kama mfumo utalifikia. Tuseme toleo la asili lina nauli ya shilingi 500, matawi yote mawili yakaipandisha hadi 600, kisha tawi moja likaghairi na kurudi 500. Muungano utatoa 600 bila kulalamika, maana hutazama ncha na asili tu, si safari iliyopita katikati. Nyaraka za Git zenyewe zinakiri kwamba tabia hii huwachanganya baadhi ya watu.

Historia za kutunga hazitoshi, kwa kuwa watu halisi huvuruga mambo kuliko mtunzi yeyote wa majaribio. Njia ya pili ni kurudia miungano iliyokwisha kufanyika na kulinganisha jibu la mashine na lile lililokubaliwa na binadamu. Mbinu ya Git ya kuunganisha kwa kujirudia, ambayo matawi yakiwa na asili zaidi ya moja huziunganisha kwanza asili hizo, ilijaribiwa kwa miungano halisi ya Linux 2.6, ikaripotiwa kupunguza migongano pasipo kuleta miungano yenye makosa. Ilipoandikwa upya na Elijah Newren kwa jina la ort, majaribio yaleyale yaliweza kuendeshwa kwa mbinu zote mbili, ya zamani na mpya, hadi ort ikawa mbinu ya kawaida katika toleo la 2.34 la Git, la Novemba 2021.

Bado lipo kosa ambalo hakuna mbinu ya kulinganisha mistari inayoweza kulinasa. Tawi moja linabadilisha jina la amri ya kukokotoa nauli na kurekebisha kila mahali inapoitwa. Tawi lingine, katika faili tofauti kabisa, linaongeza ukurasa unaoiita amri hiyo kwa jina la zamani. Mistari haikugusana, Git inaunganisha kimya, na kosa hilo linaweza lisijitokeze hadi programu iliyounganishwa itakapoendeshwa na ukurasa huo mpya kufunguliwa.