Tende za Mabaharia

Leo, wajukuu, hakuna sungura wala fisi. Leo kuna jahazi, kuna boriti, na kuna hesabu iliyomtoa karani jasho.

Zamani majahazi ya Uarabuni yalikuja kwa upepo wa kaskazi, yakapakia boriti za mikoko Lamu na kwenye delta ya Rufiji, kisha yakarudi na kusi. Kwao miti ya kujengea paa ilikuwa adimu. Boriti hizo ziliuzwa kwa korija, na korija moja ni boriti 20.

Basi jahazi moja lilipakia boriti 1,385. Ni korija ngapi? Karani akaanzia kushoto. Ndani ya 1 hamna 20. Ndani ya 13 hamna. Ndani ya 138 zimo mara 6, yaani 120, zikabaki 18. Akaishusha ile 5, ikawa 185: mara 9, yaani 180. Korija 69, baki 5.

Sasa nyinyi mnaodharau baki, nisikilizeni. Kama mtumbwi wa kupeleka boriti jahazini unabeba korija moja tu, utakwenda safari ngapi? Si 69. Ni 70, maana zile boriti 5 haziogelei zenyewe.

Hiyo ilikuwa nyepesi, kwa sababu 20 ina sifuri mkiani. Kasheshe ilianza jioni, nahodha alipotoa tende 2,000 zigawiwe mabaharia 28, sawa kwa sawa. Nani hapa anajua jedwali la 28? Hata mimi simo. Karani naye hakulijua, ila alijua kwamba 28 ni jirani wa 30, na jedwali la 3 alilikariri tangu utotoni. Akatazama 200 ya mwanzo: 30 zimo mara 6. Akarudi kwenye namba yake halisi: 6 × 28 ni 168. Akatoa kwenye 200, zikabaki 32.

Hapo akasita. Baki la 32 limeizidi 28! Ile 6 imekaa mahali pa makumi, kwa hiyo kila baharia alikuwa amehesabiwa tende 60, na kapuni zilibaki 320. Tende 320 kwa watu 28? Kila mmoja anaweza kuongezwa 10 nyingine, na mabaharia wenye njaa wangeligundua hilo kabla ya karani. Akafuta 6, akaandika 7. Mara 7 ni 196, baki 4. Akashusha sifuri ya mwisho, ikawa 40. Ndani ya 40, 28 imo mara 1, zikabaki 12. Na 12 haifiki 28, kwa hiyo kazi imekwisha: kila mtu tende 71, baki 12.

Mabaharia hawakumwamini. Karani akazidisha mbele yao: 71 × 28 ni 1,988. Akajumlisha 12. Elfu mbili kamili, wakanyamaza. Zile 12 alizila nani? Mimi sikuwepo, lakini nahodha ndiye aliyeshika kapu.

Jahazi la pili lina tende 3,000 na mabaharia 37. Kisieni kwa 40, kisha litazameni vizuri baki la kwanza kabla hamjashusha chochote.