'Tangazo' halitoshi: Tuambiwe nani amelipia habari za wanasiasa

UKISIMAMA katika steji ya Kitale asubuhi utawasikia wapiga debe: Kiminini, Kamukuywa, Webuye, Bungoma! Huyu anaapa kwamba gari limebakisha kiti kimoja tu, ilhali ndani wameketi abiria watatu. Hakuna anayekasirika. Kila msafiri anajua kijana yule hulipwa ili gari lijae, hivyo maneno yake huyapima kwa mizani hiyo. Ndiyo maana Kiswahili kikaitwaa kazi yake na kuipeleka katika siasa: kumpigia mtu debe ni kumfanyia kampeni.

Tatizo huja debe hilo linapopigwa kwa sauti ya msomaji wa taarifa ya habari.

Jinsi biashara hii inavyoendeshwa si siri kwa yeyote anayefuatilia vyombo vya habari. Mwaniaji wa udiwani au ubunge ana mkutano wa hadhara. Mwanahabari wa mashinani, ambaye aghalabu hana mshahara ila hulipwa kwa kila habari inayotumika, hupewa 'nauli'. (Nauli hiyo, bila shaka, huweza kumfikisha Mombasa na kumrudisha.) Kesho yake tunasoma au kusikia kitu kama hiki, ambacho nimekitunga mwenyewe ili nisimwonee mtu: "Wakazi wa eneo hili wamemmiminia sifa Mheshimiwa Fulani ambaye anatajwa kuwa chaguo la wengi." Wakati mwingine mwanahabari hapati hata senti. Kituo chenyewe ndicho kimeuza nusu saa na kuiita 'mahojiano'.

Hebu tuichambue sentensi hiyo. Wakazi gani, na wangapi? 'Anatajwa' na nani? Kauli ya kutendwa katika Kiswahili inaturuhusu kumficha mtenda bila kuvunja kanuni yoyote ya sarufi, nayo habari ya kulipiwa huipenda kauli hiyo mno. 'Mheshimiwa' naye bado hajachaguliwa na mtu. Tena, ukisoma habari nzima hutakuta sauti ya mpinzani wake wala swali moja gumu. Sifa zimetangulia, matendo hayakufuata.

Mtu atasema dawa ni rahisi: habari ya kulipiwa iandikwe juu yake 'Tangazo'. Nakubaliana na nia, lakini nina shaka na neno lenyewe. Kutangaa ni kuenea, kujulikana kila mahali. Kutangaza ni kulifanya jambo lienee. Kitenzi hiki hakijali kama jambo ni kweli au ni sifa za kununuliwa. Mtangazaji anayetusomea taarifa ya saa moja ni yuyo huyo anayetusifia mbegu za mahindi dakika tano baadaye. Isitoshe, katika Bungoma na Trans Nzoia tangazo ambalo familia nyingi hulitegea sikio ni lile la kifo. Limelipiwa, ndiyo, lakini ni la kweli. Mzee amefariki kweli, na mazishi ni Jumamosi kweli. Msikilizaji aliyezoea hivyo ukimwambia "lifuatalo ni tangazo", hujamwonya chochote. Pengine umemwongezea imani.

Neno 'kudhamini' ni baya zaidi. "Kipindi hiki kimedhaminiwa na..." Katika mahakama zetu, mdhamini ni mtu anayejitolea kusimama badala ya mshtakiwa na kuahidi kwamba hatatoroka. Dhamana ni ahadi ya uaminifu. Kwa hivyo mwanasiasa anayenunua kipindi ili asifiwe humo anatokea mbele yetu kama mtu aliyekithibitisha kipindi hicho! Amelipa, nasi tumempa heshima ya bure.

Pendekezo langu ni kitenzi kisicho na mapambo: kulipia. "Habari hii imelipiwa na Fulani, mwaniaji wa kiti fulani." Neno 'imelipiwa' halikai vizuri likiachwa peke yake. Ukilisikia, ulimi unataka kuuliza "na nani?", na hapo ndipo jina hutoka. Redioni, sentensi hiyo isomwe mwanzoni na mwishoni, kwa sababu wengi hufungulia redio katikati ya kipindi. Na isomwe kwa lugha ya kipindi. Anayesikiliza Sulwe FM kwa Lubukusu aambiwe kwa Lubukusu, si kwa Kiingereza cha haraka haraka.

Jambo hili si geni katika sheria zetu. Sheria ya 2012 kuhusu kura za maoni ya uchaguzi inamtaka anayechapisha matokeo ya kura hizo amtaje aliyeifadhili. Ikiwa takwimu lazima ziwe na jina la mlipaji, kwa nini sifa zisiwe nalo? Kanuni za maadili zilizoambatishwa kwenye Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 nazo zilimkataza mwanahabari kupokea zawadi kutoka kwa wanaotaka kumshawishi. Kanuni zipo. Kinachokosekana ni anayehesabu pesa.

Tazama India. Mnamo 2011 Tume ya Uchaguzi ya huko ilimzuia Umlesh Yadav, mjumbe wa bunge la jimbo la Uttar Pradesh, kuwania kiti kwa miaka 3. Kosa lake halikuwa kusifiwa gazetini. Katika uchaguzi wa 2007 magazeti yalichapisha kwa sura ya habari sifa zilizolipiwa, naye hakuorodhesha gharama hiyo katika matumizi yake ya kampeni. Huko matumizi yana kikomo, kwa hivyo kila habari ya kulipiwa inayogunduliwa hugeuka kuwa shilingi za kujibiwa. Sisi tulipitisha Sheria ya Ufadhili wa Kampeni mwaka 2013, lakini viwango vilivyotangazwa na IEBC mwaka 2021 viligonga mwamba, na mwaka 2022 tukapiga kura bila kikomo chochote. Pasipo hesabu hiyo, mwaniaji hana sababu ya kuogopa kuficha alicholipa.

Kabla ya 10 Agosti 2027, wahariri hawahitaji kulisubiri Bunge ili waandike maneno mawili, 'imelipiwa na'. Watakaoumia kwanza, nalisema wazi, ni wale wanahabari wa mashinani, maana hakuna mwaniaji atakayetoa nauli ili jina lake lisomwe hivyo. Basi mhariri anayeileta lebo hii alete pia malipo ya haki kwa mtu wake aliyeko Kimilili.