Majani ya Kiangazi Ndiyo Chanzo cha Ugomvi Moyowosi

Mashariki mwa Kibondo na Kasulu, nyanda za juu za Kigoma huteremka hadi kwenye mabonde mapana ya Pori la Akiba la Moyowosi. Kuanzia Juni, majani ya vijijini yanapogeuka makapi, kijani hubaki huko bondeni. Punda milia, nyati na nyamera hukifuata, na mwenye ng'ombe naye anakiona.

Mwaka 2000 ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, ambayo pori hili ni sehemu yake, yenye takribani kilomita za mraba 32,500, iliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhioevu, ikiwa ya kwanza Tanzania. Humo anaishi nzohe, swala wa matopeni, na maji yake huingia Mto Malagarasi, kisha Ziwa Tanganyika. Likiharibika bonde hilo, wavuvi na wakulima wa chini ya mto wataumia pamoja na wanyama.

Lakini pori hili lina historia ya watu. Buha, nchi ya Waha, ni ya ng'ombe tangu enzi za watawala wa jadi. Katika miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha wakazi wengi wa Buha na kuwakusanya katika makazi ya pamoja ili kupambana na malale. Mashamba waliyoyaacha yalirudi kuwa pori, na mbung'o wakatawala. Baadaye walikuja wafugaji wa Kisukuma wakitafuta malisho, na kuanzia 2015 kambi ya Nduta, Kibondo, iliwapokea maelfu ya wakimbizi wa Burundi waliohitaji kuni na nguzo. Ardhi ni ile ile; wanaoitegemea wameongezeka.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuchunga mifugo ndani ya pori la akiba. Anayekamatwa hutozwa faini au ng'ombe wake hutaifishwa. Familia inaweza kupoteza ada za shule, mahari na akiba yake yote kwa siku moja. Na kiangazi kinachofuata, mfugaji mwingine huingia, kwa sababu njaa ya ng'ombe haikuondolewa.

Utafiti uliofanywa Laikipia, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2011 unatufundisha jambo kubwa. Wakati wa mvua, ng'ombe waliochungwa pamoja na punda milia na wanyamapori wengine walinenepa zaidi, kwani punda milia hula mashina magumu na kuacha majani laini yachipue. Wakati wa ukame mambo yaligeuka: waligombania kile kidogo kilichobaki, na ng'ombe wakapungukiwa. Kwa hiyo adui wa mfugaji si punda milia. Tatizo ni miezi michache ya kiangazi, ile ile ambayo ng'ombe huvuka mpaka wa Moyowosi.

Marekani nayo ina somo. Sheria ya mwaka 1971 inawalinda farasi wa porini katika ardhi za umma, ambako wafugaji nao hulipia vibali vya kulisha ng'ombe. Farasi waliongezeka, malisho hayakuongezeka, na leo serikali hulisha makumi ya maelfu ya farasi waliokamatwa huku kesi zikiendelea mahakamani. Kumlinda mnyama bila kupanga malisho ni kuahirisha ugomvi.

Kwetu, kupanga kunawezekana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu kijiji kutenga ardhi ya pamoja. Wilayani Kiteto, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha nyanda zao za malisho katika mpango mmoja, na wafugaji wakapewa hati. Kibondo na Kasulu zifuate njia hiyo: kila kijiji kitenge sehemu isiyochungiwa mifugo wakati wa masika ili iliwe kiangazi, kichimbiwe lambo na kujengewa josho mbali na mpaka, na mifugo ihesabiwe kulingana na majani yaliyopo. Wafugaji wahamiaji waketi katika vikao hivyo pamoja na Waha, la sivyo mpango utavunjwa na walioachwa nje.

Moyowosi ibaki ya wanyama. Hilo nalisema bila kusita. Lakini Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori na halmashauri zipimwe kwa malambo yenye maji mwezi Agosti, si kwa idadi ya ng'ombe waliokamatwa. Mfugaji mwenye majani nyumbani hana sababu ya kuhatarisha mifugo yake porini.