Kualika mwandishi na mchoraji wa vitabu shuleni: mambo ya kupatana kwanza



Mwaka 2018, katika mkutano wa wazazi karibu na Kalemie, mama mmoja alisimama akatuuliza: "Mnaleta mchoraji shuleni, na watoto wetu hawana hata kalamu. Je, mchoro unaliwa?" Watu walicheka, lakini swali lake lilikuwa la haki. Hapana, mchoro hauliwi. Tueleze basi kwa nini bado tunaona kazi hii inafaa, na kwa nini ikifanywa vibaya inaweza kuleta hasara.

Nchi yetu haikosi watu wa kazi hiyo. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, anajulikana mbali kwa hadithi zake za michoro. Kitabu Madame Livingstone, alichokichora na kilichotoka mwaka 2014, kinahusu vita vya 1914-1918 kwenye Ziwa letu la Tanganyika (ni cha watu wazima, si cha darasa la pili). Dominique Mwankumi ametunga na kuchora vitabu vya watoto, na ndani yake kuna watoto wa kando ya mto, mitumbwi na samaki. Shida ni kwamba vitabu hivyo vimechapishwa Ulaya kwa Kifaransa, na ni vigumu kuvikuta katika shule za vijijini kwetu. Kwa hiyo tusiwangoje wenye majina makubwa. Kijana anayechora vibao vya maduka sokoni anafaa. Mwalimu mstaafu anayeandika hadithi kwa Kiswahili anafaa pia, na bibi wa kambini anayejua visa vya Sungura na Fisi anaweza kusimulia huku kijana akichora.

Mgeni akifika, kazi haihitaji vitu vingi. Karatasi moja kubwa ikikunjwa mara mbili, ikashonwa katikati kwa uzi na kukatwa pembeni, inatoa kitabu kidogo cha kurasa nane. Kalamu zikikosa, kipande cha makala kutoka jikoni kinachora vizuri. Watoto wengi wetu wanajua maandishi ya ubaoni tu. Kitabu kwao ni kitu kinachotoka mbali, kazi ya watu wasiowajua. Siku wanapoona mtu wa mji wao akikitengeneza mbele ya macho yao, mara moja kila mmoja anataka chake.

Sasa tuseme juu ya amani. Tunawapanga wawili wawili: mtoto wa kambi na mtoto wa mwenyeji. Mmoja anasimulia, mwingine anachora, halafu wanabadilishana. Anayechora analazimika kuuliza. Mbuzi alikuwa wa rangi gani? Nyumba ya nyanya yako ilikuwa na milango mingapi? Watoto ambao mpaka jana walikaa kila kundi kwenye mabenchi yake wanaulizana maswali kama hayo kwa saa nzima, na mwishoni kitabu kina majina mawili juu yake. Hatusemi kwamba ugomvi wa wakubwa umekwisha kwa hilo.

Lakini ziara yetu ya kwanza ilikwenda vibaya, na kosa lilikuwa letu. Hatukuzungumza na mgeni mapema. Yeye, kwa nia njema, aliwaambia watoto wachore yale waliyoyaona walipokimbia. Walichora nyumba zinazowaka na watu wenye mishale. Mvulana mmoja aliandika jina chini ya mtu aliyemchora. Tukatundika karatasi zote ukutani, tukafurahi. Kabla ya jua kutua wazazi walikuwa uwanjani, kwa sababu jina lile lilikuwa la mtu wa ukoo wao. Familia tatu ziliwatoa watoto shuleni, na wazee wa pande mbili walihitaji kukaa barazani mara nyingi kabla ya watoto hao kurudi.

Tangu siku ile tunapatana na mgeni kabla hajafika. Mada ni shamba, ziwa, wanyama, chakula, michezo. Mtoto akichora vita kwa hiari yake, hakemewi wala hasifiwi. Karatasi yake haitundikwi, na mwalimu anayemzoea anakaa naye kando amsikilize. Mchoro ni mali ya mtoto. Hapa naomba viongozi mtusikilize vizuri: sisi wa mashirika tunapenda kupiga picha michoro ya namna hiyo, maana inagusa roho za wafadhili. Tukija na kamera, mna haki ya kukataa.

Wazo lenyewe si geni. Baada ya vita vya 1939-1945, Ujerumani ikiwa magofu na watu wakiwa na njaa, mama mmoja aitwaye Jella Lepman, Myahudi aliyekuwa amekimbia nchi hiyo, alirudi. Mwaka 1946 alionyesha mjini Munich vitabu vya watoto vilivyotoka nchi mbalimbali, na mwaka 1949 akafungua maktaba ya watoto. Alitaka watoto wa waliopigana wajuane kupitia vitabu.

Mwaliko utoke kwa direkta wa shule pamoja na kamati ya wazazi, na katika kamati hiyo wenyeji na wahamishwa wawepo wote. Chifu na rais wa kambi wajulishwe. Nauli na chakula cha mgeni vitajwe wazi mkutanoni, na mzazi asidaiwe mchango: Katiba ya mwaka 2006 inasema shule ya msingi ya serikali ni bure. Nusu siku mara tatu ni bora kuliko siku nzima mara moja. Mahali penye intaneti na mashine ya kuchapa, mwalimu anaweza kuongeza hadithi za mradi African Storybook wa Afrika Kusini. Zipo za Kiswahili, na kuzichapa hakuhitaji kulipia ruhusa.

Msipange ziara mwezi wa sita. Darasa la sita linakuwa kwenye mitihani, na walimu hawana nafasi.